Korongo wa Assendorp

Asubuhi ya siku ya kukabidhiwa nyumba, Jitske alikaa ukingoni mwa kitanda, soksi moja mguuni na nyingine mkononi. Aliitazama ile ya mkononi mpaka mumewe, Harmen, akasimama mlangoni.

"Jits, tunachelewa. Dalali anatusubiri."

"Nakuja."

"Tunakagua nyumba kwanza, halafu saa tano kwa wakili. Tunasaini, tunapewa funguo, basi, kazi imekwisha."

"Kukagua nitakuja," Jitske alisema. "Kusaini, sijui."

Harmen aliegemea fremu ya mlango. Alikuwa mwalimu wa hesabu, na zamani hakukosa jibu. Sasa alizungumza polepole, kama anayemwelekeza mtoto njia ya kurudi nyumbani. "Tukijitoa leo tutatozwa faini ambayo hatuna. Na hapa tumeshatoa notisi. Wapangaji wapya wanaingia mwisho wa mwezi. Tutalala wapi?"

"Najua."

Kweli alijua. Alijua kila kitu siku hizi, kama unavyojua kwamba mvua inanyesha katika nchi nyingine. Alivaa ile soksi.

Walikwenda kwa baiskeli, Harmen mbele, yeye nyuma, kutoka ghorofa lao la Holtenbroek kupitia katikati ya mji wa Zwolle hadi ng'ambo ya pili. Manyunyu yalikuwa yakianguka. Jitske hakufunga zipu ya koti lake.

Yeye ndiye aliyeuchagua mtaa huu. Harmen alitaka Stadshagen, kule kwenye nyumba mpya, kuta zilizonyooka na nafasi ya kuegesha gari. "Stadshagen hata majani yamepandwa kwa rula," Jitske alimwambia wakati ule, alipokuwa bado mtu wa kusema maneno kama hayo. Alitaka Assendorp, kwenye nyumba nyembamba za matofali mekundu zilizojengewa wafanyakazi wa reli, zilizobanana bega kwa bega, milango ikifungukia karibu barabarani. Alipenda michoro ya chaki njiani na zile baiskeli zenye sanduku mbele, watoto wamepangwa ndani kama mikate. Alipenda madirisha ya sebule yasiyo na pazia, ukipita unaona nani anakula nini. Alitaka mwanawe akue mahali ambapo watu wanaonana.

Leo madirisha hayo hayo yalimtazama akipita, naye akawa anaangalia tairi la nyuma la Harmen.

Nyumba yenyewe waliiona mara moja tu, mwezi wa kwanza, yeye akiwa na mimba ya miezi saba. Kila jamaa iliyokuja kuangalia ilipewa robo saa. Waliokuwa wakisubiri zamu walisimama njiani wakijifanya hawaonani. Mwenye nyumba huombwa aondoke siku kama hiyo, lakini Bi Aaltje Kroeze, mjane wa miaka themanini na moja, alimwambia dalali kwamba hajawahi kutolewa nyumbani kwake na hakusudii kuanza na yeye. Akakaa jikoni na kahawa yake.

"Usiamini alichoandika huyu," alimwambia Jitske, akimwonesha dalali kwa kijiko. "Kaandika bustani ina jua la mchana. Jua hilo nimelisubiri miaka hamsini, nikiliona nitampigia simu."

Jitske alicheka mpaka akashika tumbo. Bi Kroeze akaliangalia lile tumbo.

"Lini?"

"Mwezi wa tatu."

"Wa kiume?"

"Wa kiume."

Hayo tu. Wiki iliyofuata dalali, kijana aliyeitwa Sander, alipiga simu huku akicheka. "Aisee, nyie mna bahati! Dau lenu ni la tatu kwa ukubwa, lakini bibi kakataa kusikia habari za wengine. Anasema ukumbi ule unataka kigari cha mtoto." Jitske alilia kwa furaha kwenye foleni ya dukani, mkononi ana kitunguu.

Mwezi wa tatu ulifika. Siku zikiwa zimebaki chache, mtoto akaacha kucheza. Hospitali wakaweka mashine tumboni, wakaihamisha, wakaihamisha tena, kisha daktari akavuta kiti akakaa. Jitske alimzaa usiku uliofuata. Alikuwa mzito mikononi, mwenye nywele nyingi.

Muuguzi wa uzazi, yule anayekuja nyumbani kila mtoto anapozaliwa, alikuja vilevile. Alimfunga Jitske kifua ili maziwa yakauke, akamkatia mkate, akafua, akaondoka. Hakuna aliyekuja kutazama mtoto. Mama yake Jitske alikuwa amenunua mapema zile biskuti kavu za duara na vipunje vya anisi vya buluu na nyeupe, ambavyo kila mtu huviita vipanya. Wageni wa mtoto hulishwa hivyo, biskuti na siagi na vipanya juu yake. Boksi lilikaa kabatini siku kadhaa, kisha halikuwepo tena. Jitske hakuuliza nani amelitoa.

Dalali hawakumwambia, wala Bi Kroeze. Mambo ya nyumba yalikwenda kwa barua pepe, na hakuna barua pepe yoyote iliyouliza habari za mtoto. Lakini nyakati zile ambapo kitu kilipenya mpaka ndani ya Jitske, kilikuwa hiki kimoja. Nyumba ile walipewa kwa ajili ya tumbo, na tumbo halipo. Angekaaje mle ndani? Ilikuwa kama kuvaa koti la mtu uliyemdanganya.

Walipokata kona kuingia mtaani, Harmen alifunga breki ghafla, Jitske nusura amgonge.

"Jits," alisema. "Usiangalie."

Alikuwa ameshaangalia. Mbele ya nyumba ya Bi Kroeze, kwenye kile kibustani kisichozidi upana wa mkeka, alisimama korongo wa mbao mrefu kama mtu, yule ndege ambaye huku husemwa ndiye aletaye watoto wachanga. Amepakwa rangi nyeupe, miguu myekundu, mdomoni ananing'iniza furushi la kitambaa cha buluu. Bendera ndogo za buluu zilivuka kutoka bomba la mvua la nyumba hiyo hadi dirisha la jirani. Kwenye kioo mtu alikuwa ameandika kwa rangi: KARIBUNI WATATU!

Walikuwa wamehesabu miezi, ni wazi. Bi Kroeze alisema, mtaa ukasikia, mtaa ukahesabu.

Jitske alisubiri kitu kipasuke ndani yake. Hakikupasuka. Aliona tu kwamba kamba ya bendera imefungwa kwa fundo zuri.

"Turudi," Harmen alisema. Uso wake ulikuwa mweupe kama karatasi. "Tulipe hiyo faini. Tutajua la kufanya. Turudi."

Ndiyo kwanza amsikie akisema hivyo. Jitske angeweza kugeuza baiskeli. Lakini mlango ulikuwa umeshafunguka, Sander dalali akawapungia mkono, na nyuma yake Bi Kroeze amesimama na koti lake la kutokea, begi mkononi, ndani kweupe hakuna hata kiti.

"Ingieni, mnalowa!" akaita. "Huyu kijana ananiambia tena nisiwepo. Nikamwambia, nikishasaini ndiyo utanifukuza."

Wakaingia. Harmen alikwenda moja kwa moja kwenye ukuta wa sebule, akauangalia kama mkaguzi. Sander alipiga picha mita ya umeme. Jitske alisimama katikati ya sakafu, pale ambapo meza ilikuwa imeacha alama, asijue mikono aiweke wapi.

"Na mwenyewe?" Bi Kroeze aliuliza. "Mmemwacha kwa bibi yake?"

Kabla Jitske hajajibu, mlango ukagongwa na kufunguliwa papo hapo. Aliingia mwanamume mnene mwenye ovaroli la karakana ya treni, sinia mikononi, kalamu nene ya wino imechomekwa nyuma ya sikio.

"Tonnie, nyumba ya mbele," akajitambulisha. "Jirani, pokea kabla sijala mwenyewe, nimeshakula mbili njiani. Na njia yenyewe ni hatua mbili!" Kwenye sinia zilipangwa biskuti zenye siagi na vipanya vya buluu. "Korongo mmemwona? Nilimchonga mimi, mwanangu wa kwanza alipozaliwa. Tangu hapo anazunguka mtaa mzima. Mke wangu anasema kafanya kazi kuliko mimi. Sasa nataka jina tu, niandike, niwaache mpumzike. Dogo yuko wapi?"

Harmen hakugeuka. Kiganja chake kilikuwa kimebaki ukutani, kimeuegemea.

"Hayupo," Jitske alisema.

"Kalala?"

"Alifariki tumboni. Mwezi wa tatu."

Sauti yake ilitoka kavu, kama ya anayesoma saa za treni. Tonnie alibaki na sinia lake. Sander alizima simu akaitia mfukoni, akaitoa, akaitia tena.

Jitske akamgeukia Bi Kroeze. Hili ndilo alilotakiwa kusema, naye alilisema lote bila kusita. "Ulituuzia sisi kwa sababu yake. Wapo waliotoa zaidi. Tulijua, na alipofariki hatukukwambia. Bado hatujasaini, Bi Kroeze. Ukitaka kuwaita wale wengine, waite. Sitakulaumu."

"Kisheria hapo..." Sander alianza.

"We nyamaza," Bi Kroeze alisema. Kisha kwa Jitske, "Kaa, mwanangu."

"Viti vimeshaondoka," Sander alisema kwa upole.

"Ngazi haziondoki."

Wakakaa kwenye ngazi, ambazo katika nyumba hizi zimesimama kama za meli, Bi Kroeze chini, Jitske juu yake kidogo. Mkono wa bibi ulikishika kifundo cha mguu cha Jitske, maana ndicho kilichokuwa karibu, akaendelea kukishika.

"Wale wengine," akasema, "walipima dirisha langu mbele ya macho yangu, utafikiri mimi ni kabati. Siwataki." Akavuta pumzi. "Nilimtaka mtoto humu, kweli. Siwezi kusema sikumtaka. Nimesikia watoto wa watu kupitia ukutani miaka yote hii. Sasa hayupo, na mimi naumia. Lakini nyinyi mpo. Humu anatakiwa mtu akae, mwanangu. Nyumba ikae na nani, na dalali?"

Jitske aliutazama ule mkono kwenye kifundo chake.

Tonnie aliliweka sinia kwenye kizingiti cha dirisha, taratibu. "Nitamwondoa korongo sasa hivi," alisema. "Na hayo maandishi nitayafuta. Mtaani nitazunguka mimi mwenyewe, mlango kwa mlango, dada, nitawaambia wote. Hakuna atakayekuuliza tena." Alifika mlangoni, akasimama, akarudi hatua moja. Masikio yalikuwa mekundu. "Lakini... anaitwa nani?"

Hakuna aliyewahi kuuliza. Watu walileta maua, walisema pole, walisema bado ni vijana. Jina walilikwepa kama shimo barabarani, na Jitske na Harmen wenyewe wakajifunza kulikwepa.

"Melle," Harmen alisema, uso ukutani. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka tangu mazishini. "Anaitwa Melle."

"Melle," Tonnie alirudia.

Jitske aliinuka pale kwenye ngazi akaenda dirishani. Hakukuwa na pazia. Kutoka ndani alimwona korongo kwa mgongo, upande usiopakwa rangi. Mbao ya kahawia ilikuwa imejaa majina kutoka shingoni kushuka, mengine yamefifia, mengine meusi bado. Fenna. Stijn. Yusuf. Pacha wawili kwenye mstari mmoja. Chini, karibu na mkia, palikuwa na nafasi iliyosuguliwa msasa, safi, iliyotayarishwa.

Aliitazama kwa muda mrefu. Mkono wake ulichukua biskuti kwenye sinia, akauma. Ikavunjika vipande kama zinavyovunjika siku zote, vipanya vikamwagika kwenye koti na sakafuni. Utamu ukaja, halafu anisi. Alitafuna mpaka ikaisha. Ilikuwa ngumu kumeza, na machozi yalikuwa yakimtoka bila sauti. Aliyahisi yakiwa moto.

"Alizaliwa," alisema.

Tonnie alisubiri.

"Alizaliwa kweli, saa kumi alfajiri. Alikuwa na nywele nyingi. Usimwondoe ndege. Maandishi futa, bendera toa, lakini korongo mwache." Akajifuta kwa kiganja, akajipaka siagi shavuni. "Na umwandike."

Wakatoka wote. Manyunyu yalikuwa hayajakatika. Tonnie alipiga goti kwenye kibustani nyuma ya korongo, akaikausha mbao kwa mkono wa ovaroli, akaandika M. Wino ukatanda kwenye unyevu. Akafuta, akakausha tena. Harmen alivua skafu yake akampa, kisha akachuchumaa kando yake, akaishika mbao isitikisike. Tonnie akaanza upya, ulimi nje kama mtoto wa shule, herufi moja baada ya nyingine.

Alipomaliza, Jitske alivua koti lake akalitandaza kwa mikono miwili juu ya lile jina, mvua isilifikie. Mgongo wake ulilowa. Ilikuwa baridi, naye aliisikia baridi hiyo mpaka mifupani.

Dirishani kwa jirani mwanamke mmoja aliyekuwa akiosha vyombo alisimamisha kazi, akawatazama, akainua mkono wenye povu. Jitske hakuweza kuinua wake. Akamwitikia kwa kichwa.

Bi Kroeze alikuwa ameshaketi kwenye gari la dalali, mkanda umefungwa, begi mapajani. Sander alitazama saa yake, akasogea, akakohoa.

"Samahani sana, jamani. Wakili anatungoja. Tutachelewa."

"Tunakuja kusaini," Jitske alisema, bila kuisogeza mikono yake. "Subiri kidogo. Wino bado haujakauka."