Maiki Iliyoita Wahusika

Jumamosi saa nne asubuhi Dada Mapokezi aliingia kwenye duka la vyombo vya muziki, mkoba wa kazini begani, akaomba aonyeshwe maiki ya kuimbia ambayo bendi ya watu wa kawaida inaweza kuimudu. Maiki yao ya zamani ilikuwa imekata roho Jumatano katikati ya mazoezi. Hakuna aliyeisikitikia, maana kwa miaka miwili ilikuwa inafanya kazi pale tu mpiga ngoma anapoukanyaga waya wake kwa kisigino.

Walimwita Dada Mapokezi kwa sababu siku tano za wiki alikaa kwenye dirisha la kliniki ya meno, akiita wagonjwa kwa namba. Jioni na mwisho wa wiki aliitikia nyimbo katika bendi ya shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Shemeji huyo kila mtu alimwita Kiongozi, na yeye mwenyewe alijiita hivyo hata akipokea simu. Ndiye aliyeimba mbele, na ndiye aliyeandikwa kwenye mabango kuwa mtunzi wa nyimbo zote.

Bendi ilipata kazi za harusi kwa sababu ya wimbo mmoja, "Njoo Hivyohivyo". Maneno yake ni machache: chakula kimepoa, mpenzi, usione haya kuchelewa, njoo hivyohivyo. Dada Mapokezi aliutunga jikoni kwake akisugua sufuria, mwaka ule mumewe alipofariki. Mumewe alikuwa msoma mita za umeme, na katika ndoa yao yote hakuwahi kukuta chakula cha jioni kikiwa cha moto. Siku hiyo Kiongozi alikuja kurudisha ngazi, akausikia akiwa mlangoni, na wiki iliyofuata akauimba harusini, akitangaza kwamba amemtungia mke wake. Mke wake hajawahi kuchelewa popote. Dada Mapokezi alipomuuliza, Kiongozi alijibu, "Shemeji, wimbo ni wa familia." Miaka sita imepita na jibu hilo bado limemkaa kooni. Hakutaka makubwa. Alitaka siku moja tu watu waambiwe kwamba ule wimbo ni wake.

Mwenye duka, mama aliyevaa miwani moja machoni na nyingine kichwani, alipanga maiki tatu juu ya meza.

"Hii haina waya, unatembea nayo utakako," alisema. "Ila inakula betri, na ikifika saa tisa inasoma taarifa ya habari."

"Hapana, mama. Saa tisa ndio maharusi wanaingia."

"Hii nayo ni ya studio. Inasikia kila kitu."

Dada Mapokezi aliisogelea. Kwenye spika zikasikika feni, saa ya ukutani, na tumbo la mwenye duka likidai kifungua kinywa. Alifikiria ngoma inavyopigwa nyuma ya kisogo chake, akairudisha taratibu kwenye boksi lake.

"Basi chukua hii ya mwisho. Ina waya, inasikia mbele tu, nyuma na ubavuni ni kiziwi. Ukiielekeza kwenye spika haipigi mluzi. Ukiidondosha, unaiokota, unaendelea na kiitikio."

"Mbona bei yake iko chini hivi?"

"Ijaribu."

Waimbaji wengine hujaribu maiki kwa kuhesabu moja, mbili, tatu. Dada Mapokezi mdomo wake ulikuwa na mazoea yake. "Namba kumi na saba," alisema, "mlango wa kushoto." Sauti ilitoka nzima, nene chini, safi juu, kila herufi mahali pake. Mlango wa duka ukafunguka, akaingia mwalimu wa hesabu, kalamu nyekundu sikioni na kiganja shavuni. Alhamisi alikuwa namba kumi na saba, akachoka kusubiri, akaondoka.

"Wa kushoto ndio huu?" aliuliza.

"Samahani, mwalimu, najaribu maiki tu. Njoo Jumatatu, tutaanza na wewe."

"Kwa namba ileile?"

"Ileile."

Mwalimu alishukuru, akafunga mlango kwa adabu.

"Kasoro yake ndiyo hiyo," alisema mwenye duka, akibadilisha miwani ili aandike risiti. "Inamwita mhusika. Yeyote anayeimbiwa, anakuja. Wimbo ukiisha anakwenda zake, hana usumbufu. Wateja wawili wameshairudisha, lakini mmoja wao alikuwa anaimba nyimbo za matusi."

Dada Mapokezi alipima. Bendi yao iliimba nyimbo za heshima, na maiki inayopiga mluzi ingewaaibisha zaidi kuliko wageni wachache. Akainunua.

Alasiri walikutana kwenye karakana ya fundi wa makochi, ambaye ndiye mpiga ngoma wao. Walifanyia mazoezi pale kwa sababu sponji zilimeza makelele, na kwa sababu kila mtu alipata pa kukaa. Dada Mapokezi aliwaeleza kasoro ya maiki. Mpiga kinanda akauliza kama inakuja na stendi yake. Ilikuja nayo.

Walianza na wimbo wa kuwashukuru kina mama. Kabla ya ubeti wa pili walikuwa wameingia kina mama sita. Mama wa mpiga ngoma alikuwa na kitunguu kilichomenywa nusu, na mama wa mpiga kinanda mikono yake ilijaa povu mpaka kwenye viwiko. Walisalimiana, wakasogezeana nafasi kwenye makochi, wakaanza kupiga makofi. Wimbo wao ulipoisha walikuwa huru kwenda zao, lakini hakuna aliyetaka kuliacha kochi. Ulipofika wimbo wa bibi harusi, akaja bibi harusi wa wiki iliyopita. Mumewe alimfuata nyuma na mswaki mdomoni. Yeye hakuitwa, ila hakutaka kubaki peke yake nyumbani. Karakana ilicheka, ikacheza, na vumbi la sponji likapanda hadi darini. Mama mmoja, aliyekuwa akiruka juu ya kochi la watu, alitamka kwamba springi zake ni nzuri, akaagiza la kwake. Dada Mapokezi aliitikia kwa raha ambayo hakuwa ameionja kwa muda mrefu. Maiki haikupiga mluzi hata mara moja.

Kisha Kiongozi akaishika yeye. Alikohoa, akavuta waya, akatazama ng'ambo ya barabara, kwenye saluni ya mke wake. Mlango ulikuwa wazi, na mke wake alionekana akimkausha mteja nywele.

"Huu ni wa mke wangu," alisema Kiongozi, akaanza "Njoo Hivyohivyo".

Ng'ambo ya barabara mke wake aligeuza kichwa cha mteja upande wa pili, akaendelea kukausha.

Ubeti wa kwanza haujaisha, akaingia msoma mita. Alivaa sare yake ya kazini, tochi kiunoni na kalamu mbili mfukoni, na viatu vyake vilikuwa na tope la vichochoro. Aliwaamkia kina mama mmoja mmoja. Alitupa jicho kwenye mita ya ukutani, kwa mazoea tu, akapita mbele ya Kiongozi na kwenda kukaa karibu na mkewe.

"Nimechelewa," alisema.

"Naona," alisema Dada Mapokezi.

"Kimepoa?"

"Kimepoa."

"Basi hivyohivyo."

Dada Mapokezi alimshika mkono. Ulikuwa mkono uleule, na sugu yake ileile ya kalamu kwenye kidole cha kati. Alifurahi, hakuuachia. Alimweleza kuhusu paa lililozibwa, kuhusu binamu aliyeoa tena, kuhusu daktari mpya anayeogopa damu. Mumewe alicheka pale alipozoea kucheka. Mpiga ngoma hakuacha kupiga, kwa hiyo Kiongozi naye hakuweza kuacha kuimba, ingawa jasho lilimtoka. Katikati ya beti kukawa na nafasi ya kinanda.

"Shikamoo, kaka," alisema Kiongozi, maiki mgongoni.

"Marahaba. Huo wimbo kautunga nani?"

Kiongozi aliinama, akaunyoosha waya sakafuni.

"Ni wa familia, kaka," alisema.

Kina mama sita walitazamana. Wimbo ulipokwisha, msoma mita alisimama, akajipangusa vumbi la sponji, akaondoka.

"Kiongozi," alisema mpiga ngoma, "sasa tunajua wimbo ni wa nani."

"Vizuri. Turudie kutoka kwenye kiitikio."

"Shemeji," alisema Dada Mapokezi, "kesho harusini uwaambie watu. Jina langu tu, mara moja."

"Mabango yameshachapwa, shemeji."

Alimnyang'anya maiki, akauimba mwenyewe tangu mwanzo. Aliimba vizuri kuliko Kiongozi, na hilo hakuna aliyelibishia, hata Kiongozi. Mumewe alikuja, akakaa kwenye mkono wa kochi, akamtazama kwa fahari. Lakini mwimbaji mdomo wake una kazi. Hakuweza kumwambia hata neno moja lisilokuwamo kwenye wimbo, na alipomaliza ubeti wa mwisho mumewe alikuwa ameshasimama. Dada Mapokezi alibaki na maiki mkononi. Aliitazama, akamtazama shemeji yake. Ilimuuma, na aliamua huku ikimuuma.

"Imba wewe," alisema.

"Si unaona?" alisema Kiongozi. "Wimbo huu una mwenyewe."

Harusi ilikuwa Jumapili mchana, kwenye ukumbi wenye madirisha makubwa na mapazia ya rangi ya waridi. Mshereheshaji alisoma karatasi aliyopewa: wimbo unaofuata ameutunga na atauimba Kiongozi mwenyewe. Kiongozi aliinama mbele ya watu. Dada Mapokezi alikuwa amevaa gauni la kijani, na alikuwa ameomba ruhusa ya kutoitikia wimbo huo mmoja. Msoma mita aliingia kwa mlango wa upishi, akijipangusa miguu. Wahudumu walimpisha. Mita ya ukumbi ilikuwa karibu na jukwaa, lakini safari hii hakuitazama.

Walicheza katikati ya ukumbi. Alimkanyaga mara mbili, kama enzi zao, na mara zote mbili akasema ni viatu. Mkewe alicheka mpaka bibi harusi naye akaanza kucheka bila kujua kinachochekesha, kisha meza ya wakwe, na punde ukumbi mzima ulikuwa unacheza, hata mpiga picha. Ubeti wa mwisho ulipofika walipunguza hatua ili utoshe.

Makofi yalilipuka. Watu walisimama kwenye viti, na mzee mmoja alipanda jukwaani kumkumbatia Kiongozi.

"Wanampigia nani?" aliuliza msoma mita, ambaye tayari alikuwa amegeukia mlangoni.

"Mdogo wako."

"Kwa nini?"

"Kwa wimbo wangu."

Msoma mita alifikiri, kidole kwenye kalamu zake.

"Mwambie aurudie," alisema.

Dada Mapokezi akapaza sauti kuliko wote, akiomba wimbo urudiwe. Kiongozi aliinama tena, akashukuru kwa mapenzi yao, akawaambia jinsi alivyoutunga, kisha akauimba upya. Msoma mita akageuka kutoka mlangoni, wakacheza tena yeye na mkewe, na makofi yakawa ya Kiongozi mara ya pili.