Bobini Haitiki

Nina mume mwenye meno manne, hajui kutembea, na nikimwita haitiki. Tegua. Ukishindwa nipe mji, ingawa hiki ni chepesi: ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu. Bibi humwita mjukuu wa kiume mume wake ili uzeeni apate mtu wa kumlaumu.

Jina la cheti analo, lakini sisi tunamwita Bobini. Kitu cha kwanza alichokishika kwa moyo wote hapa duniani kilikuwa bobini, kile kigurudumu kidogo kinachobeba uzi wa chini wa cherehani. Baba yake akaogopa ataimeza, akaipigilia kwenye kipande cha ubao chenye upana wa sahani, ikawa inazunguka hapo hapo. Tangu siku hiyo mume wangu ana kazi. Anaizungusha, anainama kuitazama ubavuni, anaizungusha tena. Ukimwondoa hapo analia kama umemfukuza ofisini.

Kwetu kila mtu anakula kwa cherehani. Chumba cha mbele ndicho karakana. Binti yangu anashona dirishani, kwenye cherehani ya kukanyaga kwa miguu. Mume wake anatengeneza cherehani za watu nyuma ya mlango, kwenye meza iliyojaa vichwa vya mashine vilivyofunguliwa matumbo. Walijuana kwa sababu cherehani ya binti yangu ilikuwa inaruka mishono. Fundi akaja, akaitengeneza. Wiki iliyofuata akarudi ingawa haikuwa na kosa, akasema amekuja kuisikiliza. Akawa anakuja kuisikiliza. Siku moja, macho yake yakiwa kwenye sindano, akasema, "Ningependa kukaa hapa." Binti yangu akamvutia kiti. Ilichukua muda kuelewana kwamba ile ilikuwa posa.

Bobini alikuwa anaukaribia mwaka alipokuja mteja wa sketi ya kijani, mwanamke anayewajua watoto wa watu kuliko wa kwake. Alimpigia Bobini makofi, akamtolea ulimi, akamwita kwa sauti ya kuku anayetaka kutaga. Bobini akaendelea na kazi.

"Mama Bobini," akasema, "mbona mwanao anakutazama kama anavyotazama ukuta?"

Halafu akauliza sketi itakuwa tayari lini.

Kuanzia hapo nyumba ikawa chumba cha mtihani. Binti yangu anajificha nyuma ya pazia, anaita. Anaingia jikoni, anaita. Anatoka nje, anaingiza kichwa dirishani, "Bobini! Bobini wee!" mpaka wapita njia wanageuka wote, isipokuwa mwenye jina. Mimi nikawa naitika.

"Abee!"

"Mama, sikukuita wewe."

"Najua. Lakini jina likiitwa hivyo lazima mtu aitike, lisije likalala nje."

Masikio yalishapimwa, mazima. Na sisi tulijua ni mazima, maana binti yangu akianza tu kukanyaga cherehani, Bobini anageuka, hata awe chumba cha pili ameelekea ukutani. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

"Ananisikia, mama. Ila hanitaki. Anaipenda cherehani kuliko mimi."

Nikamfariji kwa methali. Nikasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Nilikuwa na maana kwamba yeye ni mlezi mzuri. Alilia juu ya kitambaa cha mteja mpaka rangi ikachuja. Nikaona kuna methali ni kama shoka, hazirushwi ndani ya nyumba.

Alikuwa amesoma kwenye simu, na siku hiyo ndipo aliponiambia neno lenyewe: usonji. Lilinikaa mdomoni kama kiatu cha mtu mwingine. Akanieleza kwamba kuna watoto wanaoiona na kuisikia dunia kwa namna yao. Wengine huchelewa kusema, wengine hawasemi, wengine hawapendi kutazama macho ya watu, na dalili huweza kuonekana mapema.

"Hata kama anao, nitambeba," akasema. "Ninachotaka kujua ni kimoja. Ananijua? Anajua mimi ni mama yake, au mimi ni mtu wa kuleta chakula?"

Methali nikaziacha, nikakichukua kile kitambaa kwenda kukianika.

Alitaka kumpeleka kwa daktari wa watoto anayeshughulika na mambo hayo. Mume wake akakataa, bila kuinua kichwa kwenye mashine ya mtu.

"Mtoto hana shida. Ana kazi."

"Haitiki, baba Bobini!"

"Cherehani inayoshona haifunguliwi."

"Haishoni! Hiyo ndiyo shida, haishoni!"

Akakaza skrubu. Siku ile wakaongea kupitia kwangu. "Mama, mwambie chumvi." "Mama, mwambie iko hapo hapo." Nikaona nikiendelea hivi nitaomba mshahara.

Asubuhi yake nikamfuata mkwe wangu mezani. Mkwe wangu ni mtu mwema. Hana hila hata ya kudanganya mtoto wa jirani. Nikamwambia, "Kitendawili."

"Tega," akasema, kwa sababu ndivyo inavyojibiwa.

"Fundi aliyesikia mashine yake inalia, akaziba masikio."

Akafikiri. "Hakuna fundi kama huyo."

"Yupo."

"Basi si fundi."

"Umeshindwa. Nipe mji."

"Mji upi?"

"Wowote."

"Mama, miji si yangu. Siwezi kuitoa."

Nikamwachia kitendawili chake nikaenda kuosha vyombo. Saa ya chakula akaja jikoni, mikono ina mafuta ya mashine, akasimama akiutazama mfuniko wa sufuria.

"Ni mimi," akasema.

"Hongera, baba."

"Tunaenda lini?"

Chumba cha daktari kilikuwa na zulia la bluu, viti vya kitoto, na kikapu cha vitu vya kuchezea. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo mwenye plasta kwenye kidole gumba. Alikaa chini kwenye zulia na sketi yake nzuri, nikampenda hapo hapo. Akapuliza mapovu ya sabuni. Bobini akayatazama mapovu, hakumtazama anayepuliza. Akampa gari dogo. Bobini akalipindua, akazungusha gurudumu, akainama kulitazama ubavuni. Daktari akamwita kwa jina, taratibu. Nilibana midomo nisiitike.

"Akitaka kitu anaonyesha kwa kidole?" daktari akauliza.

"Hapana," binti yangu akasema. "Anashika mkono wangu anaupeleka kwenye kitu. Kama koleo."

"Ni njia nzuri," mkwe wangu akasema. "Unafika moja kwa moja."

"Mkiongea naye anawatazama usoni?"

Binti yangu akatikisa kichwa. Mkwe wangu alikuwa anatazama magurudumu ya kiti cha daktari kilichoachwa mezani.

"Atazame kwa nini? Maneno yanaingia masikioni."

"Kelele zinamsumbua?"

"Zile za ghafla," wakasema wote wawili, na mkwe wangu akaongeza, "Blenda ni mbaya sana."

"Kwa mtoto?"

"Na kwangu."

Daktari akaweka kalamu chini. "Baba, wewe ulianza kusema ukiwa na umri gani?"

"Nilipokuwa na la kusema."

"Ndiyo, lini?"

"Wanasema nilikuwa na miaka minne."

"Ulisema nini?"

"Mkanda umelegea."

"Mkanda wa nini?"

"Wa cherehani ya mama."

"Na ulikuwa umelegea?"

"Ndiyo." Akafikiri. "Na kiti chako, daktari, gurudumu la nyuma skrubu yake inatoka. Usikikalie kwa pupa."

Binti yangu alikuwa amegeuka anamtazama mume wake kama mtu aliyetafuta miwani nyumba nzima akaikuta usoni. Akaanza kucheka, kicheko kikapotea njia kikawa kilio, halafu kikarudi. Mkwe wangu akampa leso. Ilikuwa na mafuta ya mashine, akajifutia hivyo hivyo.

"Kuhusu baba sijasema kitu, hakuja kupimwa," daktari akasema. "Kuhusu mtoto, sitawaficha: dalili zipo. Lakini bado mdogo, siwezi kuzipa jina leo. Labda zitapungua, labda jina litakuja baadaye. Hatungoji jina ndipo tuanze kumsaidia. Mtakuwa mnakuja. Na mama, hakuna ulichokosea. Haya hayaletwi na malezi."

Hapo mimi ndiye niliyeshusha pumzi.

Akatufundisha la kufanya. Tukae chini, tuwe sawa na macho yake. Tuingie kwenye mchezo wake badala ya kumtoa. Na jina lake tusimwite ovyo. "Mtoto akiitwa kutwa nzima akakuta hakuna kitu, atageuka kufanya nini? Ukimwita, uwe na jambo." Binti yangu akainamisha kichwa. Mimi nikatazama dari, maana mwitikaji mkuu nilikuwa mimi.

Tuliporudi nyumbani, binti yangu alikaa kwenye kiti cha mteja, mtoto miguuni pake na ubao wake.

"Baba Bobini," akasema, "wewe ukiwa mdogo, mama yako ulikuwa unamjua?"

"Ndiyo."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa miguu. Alikuwa anaburuza wa kushoto. Nilimjua kabla hajafika mlangoni."

"Ulimwambia?"

"Hakuniuliza."

Binti yangu akamtazama mtoto. "Huyu wako atanijua kwa kitu gani? Anageukia cherehani tu."

Mkwe wangu akatazama cherehani, akatazama mtoto. Niliiona ile sura yake ya kutafuta kosa.

"Hatujui kama ni cherehani," akasema. "Ukitafuta kosa unabadilisha kitu kimoja, vingine unaviacha. Mama, njoo ukanyage wewe."

Nikakaa. Nimeshona miaka mingi kabla goti halijanikataa, najua kukanyaga. Nikakanyaga. Cherehani ikalia vizuri, na goti likaitikia. Bobini akazungusha bobini yake. Nikaongeza mwendo. Mume wangu wa meno manne hakunipa hata kisogo, kilikuwa kimenielekea tangu mwanzo.

"Toka, mama." Akakaa yeye. Fundi mwenyewe, anayeijua mashine ile mpaka skrubu ya mwisho. Akakanyaga. Mtoto kimya, yuko kazini.

"Sasa wewe."

"Naogopa," binti yangu akasema.

"Unaogopa nini? Ni kukanyaga tu."

Akakaa, akachukua kitambaa kilichokuwa karibu, akakiingiza chini ya sindano kwa sababu hajui kukanyaga mashine tupu. Ana mtindo wake: anagusa kanyagio mara mbili kidogo, kama mtu anayebisha hodi, ndipo anaanza. Akagusa. Kabla hata gurudumu halijashika mwendo, Bobini akaacha ubao. Akageuka. Akaja akitambaa moja kwa moja, akashika sketi ya mama yake, akajivuta, akaegemeza shavu kwenye goti linalopanda na kushuka. Uso hakumtazama. Alifumba macho.

"Si cherehani," mkwe wangu akasema.

Binti yangu alikuwa anaendelea kukanyaga, taratibu, asije akamwamsha kwenye kile alichokuwa anakisikia. Machozi yanashuka, naye hayafuti, maana mkono mmoja uko kwenye kitambaa na mwingine umeshikwa kama koleo.

Mimi nilikwenda kuweka maji jikoni. Mke aliyekataliwa mbele ya watu hukaa jikoni kidogo.

Niliporudi bado anakanyaga. Ndipo nilipotazama kile kitambaa alichokiokota. Kilikuwa ile sketi ya kijani ya yule mteja, na mshono umeondoka pembeni ukapita katikati ya nyonga, ukazunguka, ukarudi, kama njia ya konokono.

"Mama Bobini," nikasema, "hiyo itabidi ifumuliwe yote."

"Atangoja," akasema.