Shingo ya Randa

Kinyozi alikuwa na mikono miwili kama watu wote, lakini ukimsikiliza ungedhani Mungu alimwongezea. Kunyoa kila mtu ananyoa, alikuwa akisema. Kualisha shingo ndiyo kazi. Akishampangusa mteja nywele za ukosini, humshika kidevu kwa mkono mmoja na kisogo kwa mwingine, humwambia alegee, halafu ghafla humzungusha: ko! Kisha upande wa pili: ko! Mteja huinuka macho yamelegea, anaapa kwamba ametuliwa mzigo. Hakuna aliyemfundisha. Alimwona mwenzake akifanya, akajaribu, ikaitika. Basi akajiona fundi.

Mteja wake mkubwa wa shingo alikuwa kaka yake wa tumbo moja, seremala. Mtaa mzima ulimwita Randa, kwa ajili ya kazi yake na kwa ajili ya ulimi wake, maana alikuwa akimchonga mtu kwa maneno mpaka abaki laini. Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya kufungua karakana yake, alipitia kwa mdogo wake kukaa kwenye kile kiti.

Mwaka ule Randa alianza kuharibika. Vidole viliingia ganzi, misumari ikawa inamponyoka. Vifungo vya shati alifungwa na mkewe. Alitembea miguu imetanuka kama anayekanyaga godoro, na ndara zilimvuka njiani bila yeye kujua. Hufika aendako mguu mmoja mtupu. Watu walisema mzee kaanza kulewa. Yeye alisingizia kisukari chake. Ila yeye na Kinyozi walikuwa wameshapitisha hukumu yao wenyewe, bila kumuuliza mtu aliyesomea: damu imekwama shingoni. Dawa ni shingo ialishwe.

Na kila shingo ilipoinamishwa, Randa alisikia kitu kama shoti ya umeme kikimshuka mgongoni mpaka nyayoni, naye hupiga kelele, "Hapo hapo! Inafunguka!" Wote wawili wakafurahi. Laiti wangejua walichokuwa wakikifurahia.

Kisha shingo ikagoma. Kinyozi alizungusha, haikulia. Wiki ya kwanza, ya pili, mwezi mzima. Randa hakumwacha.

"Mdogo wangu, umezeeka au umeshiba? Mikono imekuwa ya uji."

Lilikuwa neno la utani, na wateja wawili waliokuwa kwenye benchi walicheka. Kinyozi alicheka pia, lakini lilimkaa rohoni juma zima. Jumamosi iliyofuata walikuwa wawili tu dukani. Alikanyaga chuma cha kiti ili apate nguvu, akakaza, akanyonga. Shingo ikalia. Haikulia ko. Ililia kama kijiti kibichi kikivunjika.

Randa akauliza, kwa upole ambao mdogo wake hakuwahi kuusikia, "Mbona umenizimia miguu?"

Akateleza kutoka kitini taratibu mpaka sakafuni.

Nyumba haikuwa mbali. Mkewe alifika mbio, kanga imefungwa ovyo. "Shemeji, kumetokea nini?"

"Ameteleza," alisema Kinyozi. Neno lilitoka lenyewe, kabla hajalichagua. "Alikuwa anainuka, akateleza."

Shemeji akatazama miguu ya mumewe. Alikuwa amevaa viatu vipya vya mikanda, vya soli ngumu ya plastiki, alivyonunuliwa na mkewe juma lile lile ili visimvuke. Akajiziba mdomo kwa kiganja. Kinyozi aliuona ule uso, akauelewa. Angeweza kusema pale pale. Hakusema.

Hospitalini daktari wa upasuaji alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye mikono midogo na maneno machache. Aliwasha picha ukutani, akawaonyesha kwa ncha ya kalamu. Katikati ya mifupa ya shingo hupita ugwe wa mishipa ya fahamu, alisema, na mbele yake kuna ukano mrefu unaoishikanisha mifupa. Ukano wa Randa ulikuwa umegeuka mfupa, ukavimba kuelekea ndani, ukaubana ugwe mpaka ukawa bapa.

"Hii si ya jana," alisema. "Ni ya miaka."

"Inaletwa na nini, daktari?" Shemeji aliuliza.

"Ningekuwa najua yote ningekwambia, dada. Inafuata damu ya ukoo mara nyingi. Kisukari kinachangia, umri nao, unene nao. Ndugu wa tumbo moja naye apigwe picha." Akamgeukia Kinyozi. "Mtu wa hivi, jambo dogo tu linamlaza. Hata gari likifunga breki. Alifanya nini siku hiyo?"

"Aliteleza."

Shemeji akainamisha kichwa. Randa, aliyefungwa kola ngumu shingoni, akafumba macho.

Alipoyafumbua ilikuwa ni kuuliza habari za kazi. Alitaka kujua watamchongaje. Daktari akamweleza kwamba wangeingia kwa nyuma. Ule mfupa mpya wasingeugusa, maana umegandana na utando wa ugwe. Ukiubandua unaweza kuchana vyote viwili. Wangeongeza nafasi tu. Vile vipande vya mifupa vinavyoufunika ugwe kwa nyuma, upande mmoja wangevikata kabisa, upande wa pili wangechimba mfereji mwembamba bila kuvimaliza, kisha wavifungue kama mlango na kuvishikiza kwa vibati na skrubu.

"Bawaba ya mfupa wenyewe," Randa alisema, na kwa mara ya kwanza tangu aanguke, akacheka. "Angalia isipasuke, daktari. Mbao kavu hupasuka."

"Ndiyo maana tunachimba polepole, fundi."

"Nitatembea?"

"Upasuaji ni wa kuzuia isizidi. Kitakachorudi kitarudi chenyewe. Siwezi kukuahidi."

Asubuhi ya upasuaji nesi alikuja na mashine ya kunyolea ukosi. Randa alikataa. "Mimi nina kinyozi wangu." Basi nesi akashika kichwa kwa mikono miwili kisicheze, na Kinyozi akanyoa ukosi wa kaka yake. Nesi mwingine alipomwita kutoka mlangoni na huyu akageuza uso kumjibu, Randa alinong'ona.

"Niliteleza. Umesikia? Niliteleza."

Kinyozi alilia kimyakimya, akaendelea kunyoa. Alikuwa ameshukuru, na kushukuru kwenyewe kulimtia aibu.

Upasuaji ulichukua asubuhi nzima. Bawaba ilishika, haikupasuka. Baada ya wiki tatu Randa aliweza kushika kijiko, ingawa hakuweza kukiinua mpaka mdomoni, akaanza tena kuwachonga manesi kwa maneno. Miguu ilibaki magogo. Kinyozi naye alipigwa picha kama alivyoagizwa, na shingo yake ikatoka safi kabisa. Siku hiyo hakula.

Walipomrudisha nyumbani, mzigo wote uliangukia mikono ya mkewe. Kila baada ya saa mbili alitakiwa kumgeuza asipate vidonda vya kulala, kichwa, bega na nyonga vikienda pamoja. Kumwosha, kumlisha, kubadilisha mfuko wa mkojo. Alikonda akabaki macho. Kinyozi alipita kila asubuhi kabla ya duka, hukaa kwenye kigoda kando ya kitanda, hasaidii kitu. Shingo za watu alikuwa ameacha kuzigusa. Wateja walilalamika, na yeye akawaambia bega linamuuma. Moyoni alijikumbusha maneno ya daktari: hata breki ya gari. Ingetokea tu. Lakini maneno ya kujifariji huchuja, na yake yalikuwa yameshachuja.

Asubuhi moja shemeji alikuwa akikamua kitambaa kwenye beseni. Akasema, bila kumtazama, "Jana nimeota nipo dukani, nachagua viatu. Nachagua vile vile tena."

Kinyozi akapiga moyo konde.

"Shemeji, hakuteleza. Ni mimi. Nilimwalisha shingo, nikatumia nguvu. Viatu havikufanya kitu."

Maji ya kitambaa yaliendelea kudondoka kwenye beseni. Kinyozi alingoja matusi, hata kofi, alivitamani. Shemeji hakumtazama hata kidogo. Alikuwa akimtazama mumewe.

"Ni kweli?"

Randa akajibu, "Kweli."

"Na wewe ulijua."

"Ningefanyaje, mama watoto? Ni mdogo wangu."

"Miezi miwili nakuomba radhi," alisema. Sauti yake haikupanda. "Kila nikikugeuza nakuomba radhi. Na wewe unanijibu, nimekusamehe. Kwa mdomo wako, mume wangu. Umenisamehe mara ngapi?"

Machozi yalimtoka Randa yakaingia masikioni, maana alikuwa chali, na mkono wake haukufika usoni kuyafuta.

Shemeji alikiweka kitambaa ukingoni mwa beseni. Akajifuta mikono kwa kanga, kidole kwa kidole. "Mgeuze wewe," alimwambia Kinyozi. "Zimebaki dakika kumi muda ufike." Akatoka, akakaa kwenye ngazi ya mlango, mgongo kwao.

Walimsikia akipiga chafya mara moja. Hakurudi ndani. Saa ya ukutani ilisogea, na ndugu wawili hawakutazamana.

"Muda umefika," Randa alisema hatimaye. "Shika bega na nyonga. Kichwa kiende na mwili."

Kinyozi alisimama, akanyoosha mikono, akairudisha.

"Shemeji," aliita. "Shemeji, njoo, tafadhali. Mimi siwezi."

Mlangoni hakugeuka mtu.