Namba ya Kila Ijumaa

Laini ya Mzee Rwegoshora ilifungwa asubuhi, hela zote za kahawa zikiwa ndani. Basi akafika kibandani kwa Alistides, wakala wa pesa za simu pale Bugomora, uso ameukunja, binti yake Vero yuko nyuma yake. Mzee sikio la kushoto halisikii, na la kulia nalo linasikia likijisikia. Kwa hiyo Alistides alipowapigia huduma kwa wateja aliweka spika, simu akailaza mezani. Watu watano wa kwenye foleni wakatega masikio. Nani asingependa kusikia?

"Shikamoo, mzee wangu," ikasema sauti ya msichana kwenye simu.

"Marahaba, mwanangu. Mmenifungia kwa kosa gani?"

"Hakuna kosa, mzee. Mashine yetu imeona kwamba tangu mwezi wa tatu, kila Ijumaa unatuma pesa kwa namba ambayo zamani hukuwa unaitumia. Wazee wengi wanatapeliwa hivyo hivyo, kidogo kidogo, mpaka hela zinakwisha. Je, mwenye namba hiyo unamfahamu?"

Loo! Watoto wa mzee hawakujua, padri hakujua, hata majirani wanaojua mpaka kuku wa mtu kataga wapi hawakujua. Kumbe kuna mashine huko mjini imekaa inamhesabia Ijumaa zake! Akamtupia Vero jicho la pembeni. Vero ndiye aliyemuuguza mama yake hadi siku ya mwisho, na mpaka leo kanga za marehemu hajakubali zitolewe sandukuni. Kumwambia habari hii kulimtisha mzee kuliko kupoteza kahawa ya misimu miwili.

"Alistides, hebu punguza sauti."

Alistides akapunguza. Mzee hakusikia kitu.

"Haya, ongeza," akasema kwa hasira.

"Nilikuwa nauliza, mzee, unamfahamu?"

"Ngoja kwanza. Kwani ni lazima mjue? Mtu na simu yake, nyie yanawahusu nini?"

"Una haki ya kuuliza, mzee. Hata mimi jina lake siruhusiwi kukutajia, ni siri yake. Ukisema humfahamu, nakufungulia sasa hivi. Ila namba yake tutaifunga, na mitandao mingine yote tutaipa taarifa kwamba ni namba ya tapeli."

Hapo mzee akabanwa. Neno moja tu, "simfahamu," na kahawa yake ingerudi, na Vero asingejua lolote. Mdomo ulishafunguka kabisa kulisema. Lakini akilini akamwona Kokugonza, mwenye namba ile, kule Bweranyange, amesimama kwenye kibanda kama hiki, watu wamejaa nyuma yake, anaambiwa namba yake ni ya wizi. Kokugonza yule ambaye hela ya vocha aliikataa mara mbili ndipo akakubali! Aibu ikamshika Rwegoshora kwa lile neno alilokaribia kulitamka.

"Namfahamu!" akasema, na nadhani hata waliokuwa barabarani walisikia. "Anaitwa Kokugonza, mjane wa Bweranyange. Hajanitapeli hata senti, namtumia hela ya vocha tu. Mimi ndiye ninayemtaka, na Mungu akinijalia nitamwoa."

Foleni ikaguna. Mama mmoja alianza kupiga kigelegele, akamkumbuka Vero, akakimeza. Vero alikuwa ameinama, anatazama meza.

"Asante, mzee. Jina ndilo lenyewe," ikasema sauti, na ilikuwa inacheka. "Laini yako iko wazi, na namba yake haiguswi. Hongera sana."

Simu ikakatika. Rwegoshora hakuthubutu kugeuka. Moyo ulikuwa mwepesi, lakini shingo ilikuwa nzito.

"Baba," Vero akaita hatimaye. Machozi yalikuwa yanamlengalenga, lakini mdomo ulishamshinda, unacheka. "Miezi mitano unamtumia mtu hela ya vocha tu? Hebu mtumie nauli. Aje Jumapili, na mimi nimwone."