Buluu Chini ya Rangi ya Machungwa

Kiumbe alikuwa ametundikwa kwenye ndoano, miguu ikining'inia, na mume wangu alikuwa akimpaka rangi ya mtoto wetu aliyekufa.

Niliijua kabla brashi haijafika kifuani. Buluu yenye kijivu, nzito kidogo kwenye midomo. Chie alikuwa hivyo walipomtoa mtoni, na wa kuikumbuka tulikuwa sisi wawili tu.

Karakana yetu pale mtaani Setagaya ilitengeneza mavazi ya mpira ya viumbe wa sayari nyingine kwa ajili ya filamu, na mwiko wake ulikuwa mmoja: usipake buluu. Kiumbe hupigwa picha mbele ya pazia la buluu, kisha mafundi wa filamu huifuta buluu yote na kuweka nyota mahali pake. Ukimpaka buluu, naye anafutika.

"Baba Chie, huyo atafutika."

"Najua."

"Sasa?"

"Mama Chie, asiye wa dunia hii ana rangi gani? Mimi nimeona moja tu. Nataka na watu waione."

Nilimwacha amalizie kifua.

Nyumbani mlango wetu wa karatasi ulikuwa na tundu. Chie alikuwa akilowesha kidole kwa mate, anatoboa, anachungulia, halafu anajicheka mwenyewe. Kila mwisho wa mwaka majirani walibandika karatasi mpya kwenye milango yao. Sisi tuliacha, maana baba yake hakutaka tundu lile liguswe. Nilikuwa nikikunja nguo mbele ya mlango huo huku nikiogopa jicho litatokea, na nikiogopa zaidi kwamba halitatokea.

Mwongozaji wa filamu, Kurahashi, alikuja akamzunguka kiumbe mara mbili.

"Mzee Isobe, umelewa au umechoka na kazi? Niwauzie watu nyota tupu?"

"Mjaribu kwanza," mume wangu alisema.

Wakampiga picha za majaribio, kwa heshima ya umri wa mume wangu. Kwenye pazia la sinema tukaona macho mawili ya kioo na safu ya meno, vikielea gizani bila mwenyewe.

"Huyu angalau hatatumalizia chakula," mtu mmoja alisema, wakacheka.

Nilimkuta mume wangu karakanani akifungua kopo la rangi ya machungwa. "Nimempoteza tena," alisema, "na safari hii kwa mkono wangu." Nilichukua brashi ya pili. Tulimfunika mtoto wetu tabaka juu ya tabaka, na roho iliniuma kuliko siku ya mazishi.

Filamu ilitoka Desemba. Tuliketi katikati ya watoto waliokuwa wakitafuna karameli. Katika pambano la mwisho kiumbe aliinua mkono, na kwenye kiwiko, ambapo mpira ulikuwa umekunjwa mno, rangi ya machungwa ikabanduka. Palionekana tundu la upana wa kidole. Ndani yake iliwaka nyota.

Hakuna mwingine aliyeliona. Baba Chie alinishika mkono.

"Amechungulia," alisema, akalia palepale.

Tulipofika nyumbani alikoroga gundi ya wali bila kuvua koti. Tuliibandua karatasi ya zamani mlangoni, tukabandika mpya, mimi upande huu na yeye ule. Mlango ulipokauka, mweupe wote, alipiga magoti mbele yake, akalowesha kidole.