Kipimo cha Tabasamu

Tangu asubuhi Fundi Cherehani alikuwa kwenye benchi la zahanati, amempakata bintiye, hasira zimempanda. Eti leo mtoto apimwe kama ni mtu! Yeye kambeba tumboni miezi tisa, halafu daktari aliyehamia juzijuzi ndiye amwambie alichozaa ni mtu au zombi. Jamani, watu wana nyuso ngumu.

Binti mwenyewe, nyumbani walimwita Bi Mdogo kwa jinsi alivyopenda kuamrisha. Sasa ana miaka mitano. Aling'atwa na jirani akiwa na mitatu, maradhi ya uzombi yalipopamba moto. Watu wazima waliong'atwa waligeuka moja kwa moja, lakini baadhi ya watoto walirudi kuwa watu. Daktari alikuwa na maelezo yake: kirusi kinatafuna sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayomzuia mtu asifanye kila kinachomjia kichwani. Ubongo wa mkubwa umeshakomaa, ukiharibika ndiyo basi. Wa mtoto bado unajijenga, unaweza kuzunguka palipobomoka ukajifungulia njia nyingine. Unaweza, alisisitiza, si lazima. Ndiyo maana wanapima. Anayefaulu anaandikishwa shule. Anayeshindwa anapelekwa jengo la nyuma, lenye nondo madirishani, na mzazi haruhusiwi kukanyaga huko.

Walipoitwa ndani, askari mwenye bunduki alisimama mlangoni. Daktari akamwaga mezani vipande vya mbao vya rangi, Bi Mdogo akavipanga chap chap. Akaambiwa achore mtu, akachora mpaka vifungo vya shati. Mama yake akashusha pumzi.

Kisha daktari akamtabasamia, meno yote nje, akasubiri. Bi Mdogo akabana midomo. Akapewa biskuti, akageukia ukutani, akaimega vipande vidogo na kuvimung'unya mdomo umefungwa. Akaulizwa jina lake, akalinong'ona nyuma ya kiganja. Daktari akatia alama ya kosa mara tatu. Akasema, kwa ule upole wa kuudhi, kwamba mtoto wa umri huu asiyejibu tabasamu, ubongo wake wa mbele haukurudi. Akamwashiria askari asogee.

Fundi Cherehani akasimama, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Wakati ule wewe ulikuwa wapi?" alifoka. "Askari walipita mitaani, wakiona meno wanapiga risasi. Hawakuuliza kama mtu anacheka au anang'ata. Mtoto wa dada yangu walimpiga anacheka! Mimi ndiye niliyemfundisha huyu kufumba mdomo. Kila siku, miaka miwili, mpaka kwa makofi, Mungu anisamehe. Leo unamhukumu kwa kunitii mimi?"

Alikuwa amefura, mate yanamtoka, mdomo wazi mpaka magego yanaonekana. Daktari alirudi nyuma akagota kabatini. Askari naye akaishika bunduki vizuri.

Bi Mdogo alimtazama askari, akamtazama mama yake. Akakiinua kile kiti kwa shida, akakisogeza, akapanda juu yake, na kwa mikono miwili akamziba mama yake mdomo.

"Mama, funga," alinong'ona. "Anakuona."

Askari aliinamisha macho, akatoka bila kuambiwa. Daktari aliangalia fomu yake juu mpaka chini akitafuta pa kuandika hilo, hakupaona. Akazifuta zile alama tatu, moja baada ya nyingine, na pale chini akaandika kwamba mtoto aende shule.

Fundi Cherehani hakushukuru. Ashukuru nini? Machozi ya hasira yalikuwa yanamtiririka. Aliitoa mikono ya bintiye mdomoni polepole, akaishika.

"Kwa kipimo hiki hiki," alisema, kwa sauti ya chini sasa, "umeshapeleka wangapi kule nyuma?"

Daktari aliiweka kalamu mezani.

"Kumi na wanane," akasema.