Soksi za Ghorofa ya Juu

Nyumbani kwetu soksi zilikuwa zinapotea, tena moja moja. Niliwasema mapacha wangu mpaka sauti ikakauka, nikaisema mashine ya kufulia, nikamsema hata paka wa jirani. Mume wangu alinisikiliza huku anakunywa chai, kama mtu asiyejua soksi ni kitu gani.

Yeye ni fundi nondo. Ndiye aliyesuka vyuma vya lile jengo refu nyuma ya hospitali ninakofanya kazi ya uuguzi, lile lililokwama. Winchi iliondolewa, mafundi wakatawanyika, mabati ya uzio yakajaa matangazo ya ving'amuzi na vyumba vya kupanga. Yeye peke yake aliendelea kupanda.

"Wiki ijayo wanaanza," alikuwa akisema. Kila wiki ilikuwa na wiki yake ijayo.

Jumamosi moja asubuhi rafiki yake wa kazi, tunayemwita Mrefu, alinipigia simu mimi.

"Shemeji, nina nafasi ya msimamizi wa nondo kwenye daraja huku mkoani. Gari letu linaondoka saa nane mchana. Nampigia huyo bwana wako hapokei. Asipotokea nampa mtu mwingine, nisije nikalaumiwa."

"Hulaumiwi. Nakuletea mwenyewe, hata kwa kumbeba."

Mlinzi wa jengo alinipa kofia ngumu iliyonifika kwenye nyusi. "Yuko juu kwa wagonjwa wake," akasema, akacheka. "Taratibu, mama, ngazi hizo hazina pa kushika."

Nilipanda nikigombana kimoyomoyo na kila ngazi. Ghorofa za chini zilikuwa na kuta, za katikati nguzo tupu, na ya juu kabisa haikuwa na dari. Huko nguzo zilikatika usawa wa magoti, na nondo zimechomoza juu yake zikingoja ghorofa inayofuata.

Kila nondo ilikuwa imevaa soksi.

Soksi za shule. Soksi za njano zenye bata. Soksi yangu nzito ya zamu ya usiku, imekazwa kwa waya wa kufungia nondo, tena kwa ustadi.

Mume wangu alikuwa amechuchumaa na ndoo yake. Aliponiona akasimama kama mwanafunzi aliyekutwa nje ya darasa.

"Mama Pacha! Umefikaje huku?"

"Kwa miguu. Hii nini?"

"Nondo zikikaa wazi zinaliwa na kutu. Nikazipaka uji wa saruji. Sasa mvua isije ikauosha kabla haujakauka, ndiyo nikazivisha."

"Na ulikauka lini?"

Akakuna kichwa.

Nilivuta soksi ya bata. Ilikuwa imelowa chepechepe. Chini yake saruji ilikuwa imebanduka, chuma kimeiva rangi ya kutu.

"Baba Pacha, bandeji ikilowa inafanywaje?"

"Inatolewa."

"Kumbe unajua."

"Najua." Akaangalia ndoo. "Lakini nikizitoa, ni kama nimesema hawarudi. Na watoto nimewaahidi wataiona nyumba yetu wakiwa hapa juu."

Nikamweleza tu habari ya Mrefu, daraja, gari na saa nane.

Macho yalimng'aa, kisha yakarudi kwenye nguzo. "Na hizi nani atazitazama?"

"Mimi."

"Wewe!"

"Nafunga vidonda vya watu wazima wanaonitukana. Vyuma havitukani. Nifundishe, muda unakwenda."

Tukazivua zote. Yeye alisugua kutu kwa brashi ya waya, mimi nikakoroga saruji. Nilipopaka nguzo ya kwanza alinishika mkono, na kwa mkono wake mwingine kiuno. "Anzia chini, panda juu. Usiache kitundu, maji yana macho." Nikamwambia anisimamie kazi, asinishike kiuno. Akacheka, na hicho kicheko sikuwa nimekisikia tangu winchi ishuke.

Nguzo ya kona tuliipaka mwisho. Akaigusa pembeni kwa kiganja, kama anavyowagusa watoto wakiwa na homa, kisha akashuka ngazi mbele yangu bila kugeuka. Gari la Mrefu tulilikuta limeshawashwa.

Soksi nilizifua kwa maji ya moto, lakini alama ya kutu kwenye vidole haikutoka. Mapacha wamekataa kuzivaa. Nami nimekataa kuzitupa. Zinakaa kwenye droo, kila moja na mwenzake.

Siku zangu za mapumziko napanda na ndoo. Mlinzi sasa ananiita fundi. Na mume wangu akipiga simu, kabla hata ya salamu, huuliza, "Ya kona inaendeleaje?"

Namjibu kwa mpangilio wangu. "Watoto hawajambo. Mimi sijambo. Na ya kona nimeipaka leo asubuhi, kuanzia chini."